Risaga na Kompyuta: Kujifunza kwa Kukutana Katika Nchi ya Mto Mara

Elimu humfikia mwanadamu kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya mwalimu na kitabu, nayo sifa zake zajulikana: ina mpango, ina mtihani, na mwisho wake ina cheti. Njia ya pili ni ya watu kukaa pamoja kwa hiari yao, kila mmoja na kidogo alicho nacho, wakatenda kazi moja mpaka aliyekuwa hajui akajua. Njia hii haina cheti, na kwa sababu hiyo waandishi wa historia wameitaja kwa uchache. Hata hivyo, kwa njia hii majahazi ya pwani yaliundwa, mashairi yakatungwa na kujibiwa, na mashamba ya bara yakalimwa na kuvunwa. Aliyejifunza hivyo aghalabu hawezi kutaja siku aliyoanza kujua.

Kompyuta ni chombo ambacho wengi wetu tumekizoea kwa njia ya kwanza tu. Twadhani kwamba mahali pasipo chuo, maabara na mwalimu mwenye shahada, kompyuta haiwezi kuwa na wanafunzi. Katika makala hii nakusudia kulipinga wazo hilo kwa ushahidi wa historia, na ushahidi wenyewe nautoa katika wilaya mbili za mkoa wa Mara, yaani Tarime na Serengeti. Nitajaribu kuonyesha kwamba kompyuta huota mizizi mahali siku watu wa mahali hapo wanapokutana kuitumia kwa haja yao wenyewe. Nitaonyesha pia kwamba katika nchi hiyo ya Mara desturi ya kukutana namna hiyo ilikuwapo zamani sana kabla ya kompyuta.

Tarime na Serengeti zimetenganishwa na mto ulioupa mkoa jina lake. Kaskazini ya mto ni Tarime, nchi ya vilima na mashamba, ambayo wakazi wake wengi ni Wakuria. Kusini ni Serengeti, yenye makao makuu yake Mugumu, ambako Wakuria wanaishi pamoja na Wangoreme, Waikoma, Wanata, Waisenye na wengineo. Katika lugha ya Kikuria kuna neno risaga, nalo lapatikana pia kwa jirani zao Wagusii wa upande wa Kenya. Risaga ni kazi inayofanywa na majirani katika shamba la mmoja wao, kwa mwaliko wa mwenye shamba. Hakuna ujira wa fedha. Mwenye shamba huandaa chakula au pombe, na kesho yake au wiki ijayo anadaiwa kwenda kwa mwenziwe kama mwenziwe alivyokuja kwake.

Mtu anayeitazama risaga kwa haraka huona jembe na chungu cha pombe, akadhani kuwa ni njia ya kupunguza uchovu tu. Akiitazama kwa makini ataona mambo matatu. La kwanza ni haja: hakuna anayeita risaga pasipo shamba linalongoja. La pili ni zamu: anayesaidiwa leo ndiye msaidizi wa kesho, kwa hiyo hakuna mkubwa wa kudumu. La tatu, ambalo kwa makala hii ndilo kubwa, ni kwamba kijana hujifunza humo. Hupewa ngwe yake karibu na mlimaji hodari, akamtazama mkono, akacheka na kuchekwa, na jua linapokuwa la utosi amekwisha kujua jambo ambalo asubuhi hakulijua. Hapana aliyemwita mwanafunzi, wala hapana aliyejiita mwalimu.

Mambo hayo matatu tuyashike vizuri, maana tutayakuta tena mahali ambapo hatukuyatazamia.

Mwezi wa Machi, mwaka 1975, watu wapatao thelathini walikutana katika banda la kuwekea gari nyumbani kwa Gordon French, katika mji wa Menlo Park, jimbo la California, Marekani. Mashirika na vyuo vikubwa vilikuwa na kompyuta wakati huo, lakini mtu wa kawaida hakuwa nayo. Waliokutana walikuwa na shauku ya chombo kidogo kipya kilichoitwa Altair, ambacho mnunuzi aliweza kujiunganishia mwenyewe. Walijiita Homebrew Computer Club. Kila walipokutana, mmoja alileta alichotengeneza, mwingine akaleta alichoshindwa, na wote wakatazama. Miongoni mwao alikuwamo Steve Wozniak, ambaye kompyuta yake ya kwanza, Apple I, aliwaonyesha wenziwe wa baraza lile kabla ya dunia kuijua.

Miaka thelathini hivi baadaye, mjini Paris, Laurent Bossavit na Emmanuel Gaillot walianzisha namna nyingine ya baraza kwa waandishi wa programu. Walichukua jina la ukumbi wa mazoezi ya sanaa za mapigano za Kijapani, dojo. Katika baraza hilo kompyuta ni moja na watu ni wengi. Mmoja hukaa kwenye kibodi na kuandika. Wa pili hukaa ubavuni pake na kumwongoza. Waliobaki hutazama na kuuliza. Baada ya dakika chache aliyekuwa akiandika huondoka, msaidizi hushika nafasi yake, na mtu mwingine kutoka katika watazamaji huja kuwa msaidizi. Kazi wanayoifanya ni ndogo, na pengine haimaliziki. Haidhuru, kwa kuwa walikuja kuzoea. Msomaji ataona kwamba hapa pia pana zamu, na pana kujifunza kwa kumtazama aliye karibu. Kinachokosekana ni shamba: kazi ya mazoezi huisha jioni, na kesho hapana anayevuna.

Katika nchi yetu mambo yalikwenda kwa mwendo mwingine. Kompyuta za kwanza ziliingia serikalini katika miaka ya 1960. Mwaka 1974 serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta kutoka nje. Mtu asiwalaumu upesi waliopitisha uamuzi huo, maana mashine zilikuwa ghali, mafundi walikuwa wageni, na faida iliyoonekana ilikuwa haba. Baadaye kizuizi kiliondolewa, na katika miaka ya 1990 intaneti ikafika. Mwaka 2009 waya wa baharini wa SEACOM uliwasili Dar es Salaam, na mawasiliano yakawa mepesi zaidi. Mwaka 2010 Nairobi ilipata iHub, na baadaye Dar es Salaam ikapata Kinu na Buni, mahali ambapo vijana waandishi wa programu walikutana bila kuulizwa vyeti vyao. Hayo yote yalikuwa mema, lakini yalikuwa ya mijini. Kijana wa Mugumu au wa Sirari angeyasikia kama asikiavyo habari za meli.

Njia iliyoifikisha kompyuta kwa kijana huyo ilikuwa ramani. Ili tuelewe kwa nini ilikuwa ramani, yatupasa kurudi nyuma kidogo.

Nchi ya Mara imechorwa mara nyingi na watu ambao hawakukutana na wenyeji wake kwa shauri. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipatana juu ya mstari kutoka mlango wa mto Umba, pwani, mpaka ukingo wa mashariki wa Ziwa Viktoria, kwenye digrii 1 ya latitudo ya kusini. Hapana Mkuria aliyeulizwa, na mstari ule ukapita katikati ya nchi yake, hata leo ndugu wa ukoo mmoja ni raia wa Kenya na wa Tanzania. Mwaka 1951 ikatangazwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Mipaka ikachorwa tena, na watu wa upande wake wa magharibi, ambao mababu zao waliwinda nyikani humo, wakaambiwa kwamba kuwinda huko ni kosa. Mwaka 1974, katika kampeni ya kuhamia vijijini, miji ya watu iliyokuwa imetawanyika vilimani ikavunjwa na kukusanywa pamoja. Ramani za zamani zikabaki zikionyesha watu mahali ambapo hawakuwapo tena, na pale walipohamia pakabaki peupe.

Weupe huo wa ramani haukumsumbua mwenyeji, kwa sababu mwenyeji hahitaji karatasi imwonyeshe kwa shangazi yake. Ulianza kuwa jambo la kufa na kupona katika habari za wasichana.

Ukeketaji ni desturi ya zamani kwa Wakuria na kwa baadhi ya jirani zao. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 juu ya makosa ya kujamiiana iliufanya kuwa kosa la jinai kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini, au vyote viwili. Sheria ikaandikwa, na desturi ikaendelea. Uchunguzi wa taifa wa afya ya jamii wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika Tanzania nzima wanawake waliokeketwa, wa umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa asilimia 10. Katika mkoa wa Mara walikuwa asilimia 32. Msimu wenyewe hujulikana, nao ni Desemba, shule zinapofungwa. Msichana asiyetaka hana pengine pa kwenda ila kukimbia.

Mwaka 2014 nyumba salama ilifunguliwa Mugumu chini ya Kanisa la Anglikana, Dayosisi ya Mara, ili kuwapokea wasichana hao. Upande wa Tarime, kituo cha Masanga, kilichoanzishwa na watumishi wa Kanisa Katoliki, kilikuwa kimekwisha kuwapokea wengine kwa miaka kadhaa. Aliyeiongoza nyumba ya Mugumu alikuwa Bibi Rhobi Samwelly, mzaliwa wa mkoa huo, ambaye amesimulia hadharani jinsi yeye mwenyewe alivyokeketwa akiwa msichana na kunusurika kufa. Mwaka 2017 alianzisha shirika liitwalo Hope for Girls and Women in Tanzania, na kazi ikaenea hadi Butiama. Watazamaji wa nchi nyingi waliijua nyumba ya Mugumu kwa filamu ya mwaka 2018 ya Giselle Portenier.

Sasa tufikiri juu ya usiku mmoja wa Desemba. Simu inalia. Anayepiga anasema kwamba katika kitongoji fulani msichana fulani atakeketwa kabla ya jua kuchomoza. Polisi wana gari, au wamepata la kuazima. Sheria iko upande wao. Mtumishi wa nyumba salama yuko tayari. Kitongoji kiko wapi? Kwenye ramani ya simu, kati ya barabara kuu na mto, hapana kitu. Basi itawabidi waulize njia, na kuuliza njia usiku ni kuitangaza safari. Habari zitafika kabla ya gari. Hapo ndipo weupe wa ramani ulipogeuka kuwa mshirika wa ngariba.

Mwaka 2015 Bibi Janet Chapman, Mwingereza aliyekuwa akijitolea katika Tanzania Development Trust, alianzisha mpango uitwao Crowd2Map Tanzania kwa kusudi la kuujaza weupe huo. Hakuanza pasipo mfano. Mwaka 2004 Steve Coast alikuwa ameanzisha OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote aweza kuichora na kuitumia bila malipo. Mwezi wa Mei, mwaka 2006, wachoraji wake walikutana katika kisiwa cha Wight, Uingereza, wakagawana barabara, wakatembea na vyombo vya kupimia, na jioni wakakaa pamoja kuyaingiza katika kompyuta waliyoyaona. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walikichora kitongoji chao ambacho katika ramani nyingi kilionekana kama msitu au uwanja mtupu. Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko liliipiga Haiti, na watu wa nchi nyingi waliichora Port-au-Prince kwa picha za setilaiti katika siku chache ili waokoaji wapate njia. Na mwaka huohuo wa 2015, Dar es Salaam, wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa walikuwa wakichora mabonde ya mafuriko katika mradi wa Ramani Huria.

Kazi ya kuchora hufanywa kwa mikono miwili iliyo mbali. Mkono wa kwanza ni wa watu wanaokutana katika miji ya mbali, wengine London, wengine katika vyuo vya Tanzania, kila mmoja na kompyuta yake mbele. Eneo la kuchorwa hugawanywa katika miraba, na kila mtu huchukua mraba mmoja, kama mlimaji wa risaga apewavyo ngwe. Hutazama picha ya setilaiti, akachora paa, njia na kijito. Aliye mgeni hukaa karibu na mzoefu. Akimaliza ngwe yake, mtu mwingine huipitia, maana macho ya mgeni hudanganyika: kichuguu huonekana kama kibanda, na zizi la ng'ombe huonekana kama ua wa nyumba. Kwa njia hiyo maelfu ya watu waliojitolea wamechora mamilioni ya majengo ya Tanzania.

Lakini picha ya setilaiti ina upungufu mmoja usioweza kuponywa kwa wingi wa watu wa London: haina majina. Paa huonekana, ila haionekani kuwa ni zahanati. Njia huonekana, ila haionekani kuwa masika haipitiki. Kitongoji huonekana, wala hapana mtu wa ng'ambo awezaye kukisoma jina. Ndipo unapohitajika mkono wa pili, nao ni wa wenyeji. Hao walifundishwa kutumia simu zao wenyewe, kwa programu kama Maps.Me ambayo haihitaji intaneti wakati wa kutembea. Hupita kijijini, wakasimama mbele ya shule, wakaandika jina. Mbele ya duka, wakaandika. Mbele ya kisima, wakaandika. Wanapofika penye mtandao, majina huruka kwenda kwenye ramani ya dunia.

Katika vijiji vya Serengeti kazi hii ilizaa nyingine. Wenyeji wa vijiji walichaguliwa na kufundishwa kutuma taarifa za hatari kwa simu, kwa kutumia fomu zilizotengenezwa katika ODK, programu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, katika mwaka wa 2008. Mtu asiyewahi kugusa kompyuta ya mezani alijikuta anajua maana ya sehemu ya fomu, ya jibu la lazima, ya tarehe iliyokosewa. Anayeyajua hayo amekwisha kuingia ukumbini mwa elimu ya programu, ijapokuwa hapana aliyemwambia. Baina ya kujaza fomu na kuuliza, "Nani aliyeitunga, nami naweza kuitunga?" pana hatua moja tu.

Hapa yafaa tuyarudie yale mambo matatu ya risaga. Haja ilikuwapo, tena haja yenye uhai wa mtu ndani yake. Zamu ilikuwapo, kwa sababu aliyefundishwa leo alitarajiwa kumfundisha jirani kesho. Na kujifunza kulikuwapo kwa njia ya kumtazama aliye karibu. Baraza la Paris lilikuwa na zamu bila shamba. Semina nyingi tunazoziona katika nchi yetu zina ukumbi, chai na posho, nazo hazina shamba wala zamu. Posho ikikatika, watu hawaonekani tena, na kompyuta zilizotolewa hufunikwa vitambaa. Simlaumu anayepokea posho, maana nauli ni nauli. Nasema tu kwamba kukutana kunakonunuliwa hudumu kadiri ya fedha ya mnunuzi.

Kwa hiyo mtu anayetaka kuanzisha baraza la vijana wa programu katika Tarime au Serengeti, au mahali pengine pa namna hiyo, anaweza kujifunza kanuni chache katika historia hii. Aanze na kazi inayongoja: orodha ya vitabu vya shule, hesabu za chama cha kuweka na kukopa, ramani ya visima. Awaite wachache, watu watano au sita wanaoweza kuzunguka kompyuta moja bila kunyoosha shingo. Aitaje siku, na siku hiyo isibadilike, maana mtu wa kijijini huipanga wiki yake kwa siku za gulio na za ibada. Kibodi isishikwe na hodari peke yake. Hodari akae ubavuni, amwachie asiyejua aandike. Umeme ukikatika, kazi iendelee kwa karatasi, kwa kuwa programu huanza kichwani kabla ya kuwa kwenye kioo. Na mwisho watu wale pamoja, hata kama ni viazi tu, kwa sababu chakula ndicho kilichoifunga risaga tangu zamani.

Liko pia jambo la lugha, ambalo mtu wa kazi yangu hawezi kulipita. Mjini Mugumu, Mkuria, Mngoreme, Msukuma na Mjaluo wakikaa mbele ya kompyuta moja, lugha yao ya shauri ni Kiswahili, na kompyuta yenyewe huwajibu kwa Kiingereza. Juhudi za kulitatua jambo hili zina umri sasa: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden walitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice. Kamati za istilahi zimetupa maneno mengi, mengine mazuri sana. Ila neno haliishi kwa kuandikwa katika orodha. Huishi kwa kutamkwa na mtu mwenye haraka kwa mtu anayemwelewa. Wataalamu walitupa tarakilishi, na watu wengi wakashika kompyuta. Nadhani mabaraza madogo ya vijana yatakuwa mahali ambapo maneno ya elimu hii yatapimwa, mengine yakubaliwe na mengine yaachwe, kama mabaharia walivyopima maneno ya pepo na matanga.

Sasa nina deni la kujibu hoja moja nzito. Mtu aweza kuniambia: "Wewe wasifu kukutana, nawe wajua kwamba ukeketaji wenyewe ni kukutana. Watu hualikwa, chakula hupikwa, ngoma hupigwa, na majirani hushika zamu kama katika risaga." Hoja hii ni ya kweli, wala sitaikwepa. Wakuria wana mkutano wa hadhara uitwao iritongo, ambao mashauri yake husikiwa na watu, na wana baraza la siri la wazee liitwalo inchama, ambalo mashauri yake hayasikiwi. Kukutana, kwa hiyo, si wema wala ubaya. Ni nguvu, na nguvu huchukua rangi ya haja inayoiita. Jamii inayojua kukutana kwa madhara ndiyo hiyohiyo yenye ujuzi wa kukutana kwa wokovu. Waliotembea na simu kuandika majina ya vitongoji hawakuwa watu wa nchi nyingine. Walikuwa binti, wajukuu na jirani za wale waliopiga ngoma.

Hoja hiyo yatufundisha pia kujihadhari. Ramani iliyo wazi kwa mwokoaji iko wazi vilevile kwa anayemtafuta msichana aliyekimbia. Njia, kisima na shule vina haki ya kuonekana na watu wote. Jina la msichana, nyumba aliyokimbia na mtu aliyepiga simu havina budi kubaki moyoni mwa wachache. Kijana anayejifunza kuandika programu yafaa ajifunze tofauti hiyo siku ileile anayojifunza kuhifadhi faili. Pengine hapa wazee wana la kutufundisha, kwa kuwa walikwisha kujua zamani kwamba kuna maneno ya iritongo na kuna maneno ya inchama.

Katika mwaka 1886 watu waliokaa mbali waliichora nchi ya Mara kwa mstari mmoja, na waliokatwa na mstari huo hawakusikia habari. Katika karne yetu watu waliokaa mbali wameichora tena, lakini safari hii iliwabidi wasimame na kungoja, kwa sababu majina walikuwa nayo wenyeji. Huo ndio mgeuko ambao ningependa wanafunzi wa historia wauangalie. Aliyekuwa kitu cha kuchorwa amekuwa mchoraji, na hakuupata ujuzi huo kwa cheti. Aliupata kwa kukaa karibu na mwenziwe, simu mkononi, kazi mbele yao, na mtu fulani usiku akingoja gari lijue njia.

Risaga hupimwa kwa mavuno. Siku msichana wa kitongoji kisichokuwa na jina kwenye ramani atakapolala usingizi wake wa Desemba bila hofu, tena siku yeye mwenyewe atakapoketi ubavuni pa mwenziwe na kumwambia, "Andika wewe, mimi nitakuongoza," ndipo tutakaposema kwamba shamba limelimwa.